Uzi maalumu wa vuli: tuufaidi msimu wa majani kupukutika kabla haujatuponyoka

Kikonyo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimeona nifungue uzi huu mapema, majani yangali mitini. Kila mwaka naona jambo lilelile: miti ikianza kugeuka rangi watu wanapiga picha mbili tatu, halafu madirisha yanafungwa, mapazia yanashushwa, na kila mmoja anaanza kuhesabu miezi mpaka joto lirudi. Msimu ambao kwangu mimi ni mzuri kuliko yote unapita watu wamejikunyata ndani.

Tuelewane kwanza. Vuli ninayoizungumzia hapa si ile ya mvua fupi. Ni majira ya mapukutiko ya nchi zenye misimu minne: Septemba hadi Novemba kwa walio kaskazini ya dunia, Machi hadi Mei kwa walio kusini. Huanza karibu na ile siku ambayo mchana na usiku hulingana, na kuanzia hapo giza huwahi kila jioni. Ukisema "wikendi ijayo nitatoka," wikendi ijayo upepo umeshapita na matawi yako wazi.

Jana alfajiri nilisimama chini ya mti, nikashika jani moja la njano kwenye kikonyo chake. Sikulivuta. Nililigusa tu, likabaki mkononi. Nikasogeza macho pale lilipokuwa limeshikilia: kuna kovu dogo, kavu, limeshafunga kama kidonda kilichopona. Na juu ya kovu hilo, tumba. Dogo kama punje ya mtele, limejifunika magamba kwa magamba, gumu ukilibonyeza kwa ukucha.

Wengi tunadhani baridi ndiyo inayoua majani. Mti wenyewe ndio unaoyaachia. Siku zikifupika huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Hunyonya virutubisho kutoka kwenye jani, hasa naitrojeni, na kuvirudisha ndani ya matawi na mizizi. Kisha hujenga tabaka jembamba chini ya kikonyo, linalolikata jani na kuziba jeraha kwa mkupuo mmoja. Njano tunayoishangaa ilikuwemo ndani ya jani tangu lilipochipua, ila kijani kiliifunika. Nyekundu ndiyo mpya. Hutengenezwa siku hizo za mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani.

Na lile tumba lilikuwepo tangu kiangazi. Majani ya mwaka kesho yameshakunjwa humo.

Karibuni. Nyumbani, bustanini, matembezini, kila mtu aseme anavyoufaidi.

Umande_wa_Asubuhi

Mleta uzi, nimetoka nje sasa hivi nikaangalia tumba. Lipo! Miaka yote hii sikuwahi kuliona.

Naomba kuuliza. Mbona mwaka jana miti ya mtaani kwetu ilikuwa myekundu kama moto na mwaka huu ni kahawia tu? Miti ni ileile.

Kikonyo (mleta uzi)

Dada, hali ya hewa ndiyo inayoamua. Nyekundu hupenda mchana wenye jua kali na usiku wenye ubaridi usiofikia kuganda. Mchana jani linatengeneza sukari, usiku ubaridi unaizuia isitoke, rangi inaiva. Wiki nzima ikiwa ya mawingu na usiku wa vuguvugu, nyekundu hufifia. Ukame mkali nao huharibu, maana mti uliokosa maji huyaangusha majani mapema kabla hayajapendeza. Na jalidi kali (ule umande unaoganda usiku) ikipiga mapema, majani huungua yakawa kahawia kwa usiku mmoja.

Njano haitegemei sana hayo, ndiyo maana hata mwaka mbaya hukosi miti ya njano. Ukiukosa mwekundu, utafute huo.

Fundi_Reki

Mimi ni mtu wa bustani, naomba nizungumzie usafi. Majani yakianguka nayaondoa yote siku hiyohiyo. Bustani chafu inanikosesha raha. Je, ni kosa?

MamaTumba

Si kosa, ndugu yangu, ila unajinyima. Nitakwambia ninavyofanya mimi, nimeishi na bustani miaka mingi.

Kwenye ukoka, ondoa. Majani yakilala wiki mbili tatu juu ya nyasi huzinyima mwanga, zikageuka njano na kuoza. Kwenye njia na ngazi, ondoa haraka sana, maana jani lililolowa linateleza kama sabuni, na mtu mzima akianguka hapo mambo huwa makubwa. Kwenye bwawa la samaki pia, yasije yakaoza majini.

Lakini kwenye matuta ya maua na chini ya vichaka, yaache. Yanafunika udongo usigande upesi, nyungunyungu wanayavuta chini kidogokidogo, na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, wanaokula vidukari, wanajificha humo kipindi chote cha baridi. Ukiyachoma au kuyatupa umewatupa na wao.

Yale unayoyakusanya kutoka kwenye ukoka usiyape gari la taka. Yatie kwenye mfuko, yakiwa makavu yamwagie maji, toboa mfuko matundu kadhaa, funga, weka nyuma ya nyumba usahau. Mwaka mmoja hadi miwili utafungua ukute kitu cheusi, laini, kinachovunjika vidoleni na kunuka kama msitu. Hiyo ndiyo mboji ya majani. Inachukua muda kwa sababu kazi yake kubwa inafanywa na kuvu, nao hawana haraka. Udongo wa kichanga ukiupa mboji hiyo unashika maji. Udongo wa mfinyanzi unalegea.

Na tafadhali, walio sehemu zenye kalunguyeye: kama mmerundika matawi mkusudie kuyachoma, hamisheni rundo lote siku hiyohiyo kabla ya kuwasha. Wanyama hao hutafuta mahali pa kulala miezi ya baridi, na rundo la matawi na majani kwao ni nyumba kamili.

Fundi_Reki

Shikamoo mama. Sehemu ya njia na ngazi nakuunga mkono. Hii ya matuta nitaijaribu upande mmoja wa bustani nione, siahidi pande zote mbili.

MamaTumba

Marahaba mwanangu. Upande mmoja unatosha. Ukifika msimu wa kuchipua, funua kidogo kwa mkono uangalie udongo uliofunikwa na ule ulio uchi, ulinganishe mwenyewe.

Mbegu_Chini_ya_Udongo

Nimefurahi uzi umefika bustanini. Watu wengi wanafunga bustani vuli ikianza, kumbe huu ndio wakati wa kupanda. Udongo bado una joto la kiangazi, mvua inarudi, jua halichomi. Mti au kichaka ukikipanda sasa hakina majani ya kulisha, kinatumia nguvu zake kushusha mizizi. Kikiamka baada ya baridi kimeshajishika.

Balbu za maua, zile zinazofanana na vitunguu, ndizo raha yangu kuu. Kanuni ya kina ni rahisi: shimo liwe mara 2 hadi 3 ya urefu wa balbu yenyewe, ncha ikielekea juu. Daffodil zitangulie, kuanzia Septemba kwa walio kaskazini. Tulipi zisubiri hadi Novemba, udongo ukishapoa, kwa sababu kwenye udongo wa joto hushambuliwa zaidi na ugonjwa wa ukungu. Balbu hizi zinahitaji wiki nyingi za baridi ili zitoe ua. Ukizificha kwenye joto zinakasirika, zinatoa majani matupu. Baridi tunayoilalamikia sisi, zenyewe zinaisubiri.

Vitunguu saumu vivyo hivyo. Vunja kichwa, panda punje mojamoja, ncha juu, nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya moja na nyingine. Baridi ndiyo inayokifanya kichwa kijigawe punje. Ukikipanda baada ya baridi kuisha unaweza kuvuna kitu cha duara kisicho na punje.

Maua ya dalia nayo: yaacheni mpaka jalidi ya kwanza iyafanye majani yake kuwa meusi, halafu ndiyo mkate shina, mchimbue viazi vyake kwa uma wa bustani, mvikaushe, mvihifadhi mahali pakavu pasipoganda. Na maboga, kata ukibakiza kikonyo kirefu, usilibebe kwa kikonyo hicho, liache juani au mahali pakavu penye joto siku 10 hivi ngozi ikaze. Likikauka vizuri linakaa miezi.

Makasi_Kutu

Niongeze onyo kutokana na yaliyonikuta. Nina kichaka cha lilaki mbele ya nyumba, maua yake hunukia mpaka barabarani. Vuli moja nikashika makasi, nikakipogoa vizuri, kikawa duara kama mpira. Nikajipongeza. Msimu wa kuchipua ukaja, majirani wote wana maua, mimi sina hata moja. Nilihuzunika kweli, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekuja siku zile na lilaki ndiyo ua alilolipenda.

Baadaye nikaelewa. Vichaka vinavyotoa maua mapema, mara tu baridi inapokwisha, huandaa matumba yao ya maua kiangazi kilichotangulia. Mimi nilikuwa nimeyakata yote na kuyatia kwenye toroli. Vichaka vya aina hiyo hupogolewa mara vinapomaliza kuchanua, si vuli. Ukiwa na shaka na kichaka chochote, kiache. Kupogoa kunaweza kusubiri. Tumba ulilolikata hulirudishi.

Kikonyo (mleta uzi)

Pole mkuu. Hiyo imenigusa.

Dirisha_la_Magharibi

Ngoja niwarudishe ndani ya nyumba kidogo.

Jua la vuli liko chini, kwa hiyo linaingia ndani zaidi kuliko la kiangazi. Kiangazi kwangu liliishia kwenye kizingiti cha dirisha. Sasa saa kumi jioni linafika ukuta wa pili, limekuwa la rangi ya asali. Nimehamisha kiti changu kulifuata. Hilo tu, kuhamisha kiti, limebadilisha jioni zangu zote. Kabla ya hapo nilikuwa nawasha taa saa ileile na sijui nimepitwa na nini.

Watoto wanarudi na majani mifukoni. Tunayapanga katikati ya karatasi za gazeti, tunayaweka chini ya vitabu vizito wiki moja mpaka mbili, yanatoka bapa na rangi imebaki kiasi kikubwa. Mdogo anapenda kuweka jani chini ya karatasi nyeupe na kusugua kwa kalamu ya nta mpaka mishipa yote ijitokeze. Akimaliza anataja mti wenyewe. Nimejifunza miti mingi kwake.

Kwa wenye jiko la kuni, hapa nasema kwa msisitizo. Kabla ya moto wa kwanza, bomba la moshi lisafishwe na mtu anayejua kazi hiyo. Kiota cha ndege au masizi yakiziba bomba, kaboni monoksidi inarudi chumbani, nayo haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu analala asiamke. Wekeni king'ora chake, mkijaribu kila mwezi. Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20. Mbichi zinatoa moshi mwingi na kulipaka bomba lami. Ukigonganisha vipande viwili vikavu vinatoa mlio wa juu, kama kengele ya mti. Vibichi vinatoa mlio mzito.

Na safisheni gata majani yakishamaliza kuanguka. Gata likiziba, maji ya mvua yanashuka ukutani.

Njia_ya_Ukungu

Mimi ni wa matembezi. Kila wikendi ya vuli niko njiani, gambuti kwenye buti la gari.

La kwanza: wahini. Usiku wa anga safi bila upepo hewa ya baridi hutiririka na kujaa mabondeni, na asubuhi ukiwa mlimani unaona ukungu umelala chini yako kama maziwa kwenye bakuli, vilele vya miti vimetokeza juu. Saa tatu jua limeshaunywa wote.

La pili: msiogope siku ya mawingu au baada ya mvua. Jani lililolowa lina rangi nzito kuliko kavu. Kwa wapiga picha, kichujio cha polaraizi kinaondoa ule mng'ao wa maji juu ya jani, rangi inatoka mzima mzima. Siku ya jua, simama jani likiwa kati yako na jua. Utaliona linawaka kutoka ndani.

La tatu, na hili limeniokoa mara nyingi: rangi hushuka. Huanza juu milimani na latitudo za mbali na ikweta, ikateremka polepole. Ukichelewa kileleni, teremka bondeni.

Japani wanaufuata mwendo huo kama watu wanavyofuata habari za mvua: majani mekundu huanza Hokkaido kaskazini, na Kyoto hufikia kilele chake karibu na nusu ya pili ya Novemba. Marekani, jimbo la Vermont na jirani yake New Hampshire hujaa mwekundu wa mepo, ule mti wenye jani kama kiganja, lile la kwenye bendera ya Kanada. Barabara ya Kancamagus huko New Hampshire ina kama kilomita 55 tu kupita milimani, na watu wanaimaliza kwa siku nzima kwa sababu ya kusimama simama.

Ila kitu ninachokitamani kuliko vyote kiko Utah, hukohuko Marekani. Kinaitwa Pando. Ukikitazama ni msitu wa aspeni, mashina takriban 47,000 kwenye hekta 43 hivi. Kumbe ni mti mmoja! Mzizi mmoja chini, na kila shina ni chipukizi lake. Vuli ikifika mti huo mmoja unageuka dhahabu mlima mzima. Na kikonyo cha jani la aspeni ni bapa, kimebinywa ubavuni, ndiyo maana upepo mdogo tu majani yote hutetemeka na kuvuma kama mvua ya mbali.

Kusini_Tupo

Sisi wa kusini ya dunia msitusahau. Wakati nyinyi mnaangalia maua ya kwanza, Aprili, sisi ndiyo tuko katikati ya haya mnayoyasema. Arrowtown huko New Zealand huwa ya dhahabu mtaa mzima, na Patagonia, kule mwisho wa Amerika Kusini, ule mti wa lenga hupaka miteremko nyekundu chini ya theluji. Nitaurudisha uzi huu juu Aprili, mkiniona msishangae.

Umande_wa_Asubuhi

Njia_ya_Ukungu, asante. Jumamosi natoka saa kumi na mbili.

Kuna jambo nataka kuliuliza, nimesita kidogo. Kuna mtu mwingine ambaye vuli inamlemea? Napenda rangi, naipenda hewa, lakini saa kumi na moja giza likiingia moyo unashuka. Nalala sana, sitaki simu ya mtu.

MamaTumba

Mwanangu, hauko peke yako, na usione haya kulisema. Kushuka kwa moyo kunakokuja na kupungua kwa mwanga kunajulikana kitabibu; daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake waliieleza hali hiyo mwaka 1984, na tangu hapo kuna matibabu, yakiwemo ya kukaa mbele ya taa maalumu yenye mwanga mkali. Kama hali inakunyima kazi au kula, muone daktari, usingojee mpaka siku zirefuke.

Na pamoja na hayo, toka asubuhi. Hata kukiwa na mawingu, mwanga wa nje unaushinda kwa mbali mwanga wa taa za nyumbani. Nusu saa. Chukua sweta, zunguka ule mti wako wenye tumba, rudi. Mume wangu alipofariki ilikuwa Oktoba, na mwaka uliofuata sikutaka kuiona Oktoba nyingine. Jirani yangu alikuwa akija kunigongea kila asubuhi, hasemi kitu kirefu, ananiambia tu, "Vaa viatu." Nikavaa. Hatukuwa tunaongea sana njiani, tulikuwa tunaokota majani.

Umande_wa_Asubuhi

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu. Nitavaa viatu.

Makasi_Kutu

Mama, Mungu akuweke.

Bawa_la_Mbayuwayu

Mimi naufaidi kwa kutazama juu. Septemba mbayuwayu wanajipanga kwenye nyaya za umeme, wanapiga kelele, wanaruka wote, wanarudi. Siku tatu nne hivyo. Kisha asubuhi moja nyaya ni tupu. Ndege wa gramu 20 hivi, anaondoka Ulaya, anavuka jangwa la Sahara, wengine wanafika mpaka Afrika Kusini. Kila nikiziona nyaya hizo zimejaa nawaza: kuna mtu wa kwetu atamwona huyuhuyu akipita juu ya shamba lake, amwite ndege wa mvua, asijue kwamba wiki chache zilizopita alikuwa anakunya juu ya gari langu. Nawapenda sana.

Na asubuhi za umande tazameni ua na vichaka. Tando za buibui ambazo hamkuziona kiangazi chote zimeshika matone, kila uzi. Huwa nazihesabu kutoka mlangoni mpaka getini.

Fundi_Reki

Ripoti. Nimeacha majani upande wa kushoto wa bustani. Leo asubuhi kuna ndege wawili walikuwa wanayapekua, wanarusha jani huku na huku, wanaokota kitu, wanarusha tena. Nimesimama dirishani mpaka chai ikapoa. Upande wa kulia, niliosafisha, hakuna aliyetua.

Nimeiegesha reki bandani.

Umande_wa_Asubuhi

Nilienda Jumamosi. Ukungu ulikuwepo, kama alivyosema. Nilikaa juu ya jiwe saa nzima nikauona unaondoka. Nimepiga picha moja tu.

Kikonyo (mleta uzi)

Wakuu, nimewasoma wote.

Ule mti wangu umebakiza majani 9. Nimeyahesabu leo. Upepo wa usiku wa kuamkia jana ndio uliomaliza kazi, na sasa ninaona kiota kilichokuwa kimefichwa kiangazi chote, kwenye panda ya tawi la tatu, kimesukwa kwa nyasi na kipande cha uzi wa bluu ambao nadhani ulitoka kwenye kamba yetu ya kuanikia nguo.

Nimechukua mawazo ya Mbegu_Chini_ya_Udongo. Nina tulipi 12 kwenye mfuko wa karatasi, shimo la kwanza nimeshalichimba chini ya mti huohuo, nimepima kina kwa kidole. Udongo ni baridi lakini haujaganda. Imebaki kama nusu saa ya mwanga, wacha nizimalize.